Chifu Aliyekalia Kiti cha Spika

Wapitao karibu na Ukumbi wa Karimjee, mjini Dar es Salaam, yafaa wamkumbuke Chifu Adam Sapi Mkwawa. Babu yake, Mtemi Mkwawa, alijiua mwaka 1898 asitekwe na Wajerumani. Fuvu lake liliporejeshwa Kalenga mwaka 1954, mjukuu ndiye aliyelipokea. Mwaka 1962 akawa Spika. Mwaka uliofuata sheria ikafuta utawala wa machifu. Cheo cha kurithi kikamtoka, bali hakususa. Aliliongoza Bunge hadi 1994, isipokuwa miaka ya 1973 hadi 1975, akafariki 1999. Baraza la chifu na Bunge hukutana hapa: kila upande sharti usikilizwe. Wajibu huo haukufutwa na sheria yoyote.