Lalibela: mfalme aliyeacha jina lake ndani ya mwamba

Msikilizaji wetu wa Unyambwa, wewe unayeishi kati ya majabali ya Singida, ugumu wa jiwe unaujua. Leo tunakuletea habari za Lalibela, mfalme wa Ethiopia ambaye watu wanamkumbuka kwa mawe yaliyochongwa miaka 800 hivi iliyopita.

Lalibela alikuwa wa ukoo wa Zagwe, uliotawala kutoka Roha, kaskazini mwa Ethiopia. Masimulizi ya kanisa yanasema alipozaliwa nyuki walimzunguka, na mama yake akaona ni dalili ya ufalme. Ndugu yake aliyekuwa akitawala aliingiwa na hofu. Inasimuliwa kuwa Lalibela alinyweshwa sumu, akanusurika. Alitawala mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa karne ya 13.

Mwaka 1187 Salahuddin aliiteka Jerusalem. Wengi wanaamini mfalme alitaka watu wake wapate Jerusalem yao nyumbani. Mpaka leo mto wa pale unaitwa Yordani, na kanisa mojawapo linaitwa Golgotha.

Makanisa yako 11, na hakuna lililojengwa kwa tofali. Kwa yale makubwa, mafundi walichimba handaki kuzunguka jabali, kisha wakachonga kutoka juu kushuka chini: kwanza paa, halafu madirisha, mwisho milango. Mwamba wa huko ni wa volkano, laini kuliko mawe yetu. Hata hivyo, jiwe likishakatwa halirudi. Walichonga pia mifereji ya kutolea maji ya mvua. Kanisa la Mtakatifu Giorgis, lenye umbo la msalaba, lina kimo cha mita 12 hivi.

Miaka hiyo hiyo, mjini Chartres, Ufaransa, watu walikuwa wakipandisha kanisa lao kuu jiwe juu ya jiwe, baada ya moto wa mwaka 1194.

Masimulizi yanasema malaika walimsaidia Lalibela usiku. Watafiti wengi wanaona kazi ilichukua vizazi, na huenda sehemu nyingine zilianza kabla yake. Majina ya wachongaji hayajulikani, lakini mikono ilikuwa yao. Tunapomsifu mfalme, na wao tuwakumbuke.

Roha sasa inaitwa Lalibela, na tangu 1978 makanisa hayo yako kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mvua inayalika na nyufa zinaongezeka. Bado yanasaliwa: kila Januari 7, Krismasi ya Ethiopia, maelfu ya mahujaji waliovaa nguo nyeupe hufika hapo, wengine kwa miguu.