Alfred Stieglitz: Mtu wa Ridhaa Aliyekesha na Kamera

Ninayo negativu moja ambayo mpaka leo haijapata picha ya kutundikwa ukutani. Niliipiga Lamu usiku wa Maulidi, miaka mingi iliyopita, kwa kamera ya kuazima. Katikati wamesimama vijana wa kanzu nyeupe na matari yao, nyuso zao zimekolea mwanga wa taa. Kando kabisa, nusu kaingia na nusu kakatika, yuko marehemu baba yangu ameshika bakora yake, wala hana habari kwamba anapigwa picha. Niliipeleka kwa fundi mmoja Mombasa anikuzie na kunitilia fremu. Alinirudishia picha safi, imenyooka, matari yote yamo, ila baba hayumo. Fundi aliona mtu amekaa vibaya pembeni, basi akachukua makasi akamwondoa, na kile kipande akakitupa. Alifanya hayo kwa nia njema kabisa, na hilo ndilo lililonizidishia uchungu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za watu walioshughulika na kukata picha, na katika kusoma huko ndipo nilipokutana na Alfred Stieglitz wa Marekani. Huyu ndiye nitakayekusimulia leo, msomaji mpenzi, kwani sidhani kama yuko mwingine aliyekesha zaidi yake kwa ajili ya kazi asiyolipwa.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1864 katika mji wa Hoboken, ng'ambo ya mto kutoka New York. Wazazi wake walikuwa Mayahudi waliohamia kutoka Ujerumani, na baba yake, Edward, alikuwa mfanyabiashara wa sufu aliyefanikiwa sana. Mwaka 1881 mzee huyo aliiuza biashara, akawachukua watoto wake akawapeleka Ulaya wakasome. Alfred alitiwa chuo kikuu cha ufundi mjini Berlin kujifunza uhandisi wa mitambo. Lakini siku moja akaiona kamera katika dirisha la duka, akainunua, na uhandisi ukaishia hapo. Kwa bahati njema, chuoni hapo alikuwapo Profesa Hermann Wilhelm Vogel, bingwa wa kemia ya picha, na kijana akamganda mwalimu huyo kama kupe.

Husimuliwa kwamba wakati huo watu walishika kuwa picha haipigwi pasipo jua. Kijana Stieglitz akateremka na kamera yake katika chumba cha chini ya nyumba, penye mtambo wa umeme na taa moja dhaifu, akaiacha kamera wazi saa 24. Picha ikatoka. Mwenye kujua adha ya kungoja ataelewa kwamba hapo ndipo mtu huyo alipopatikana.

Mwaka 1887 alituma picha ya watoto wa Italia wanaocheka kwenye mashindano ya gazeti moja la London la wapiga picha wa ridhaa. Mwamuzi, Peter Henry Emerson, akampa zawadi ya kwanza. Hilo neno la ridhaa naomba ulishike. Wazungu humwita mtu wa namna hiyo kwa neno la Kifaransa litokanalo na kupenda, na Stieglitz alilivaa maisha yake yote kama kilemba. Hakufungua studio ya kupiga watu picha kwa malipo, wala kuuza kazi zake hakukumvutia. Aliporudi New York mwaka 1890 baba yake alimnunulia hisa katika biashara ya kuchapisha picha, naye mwaka 1895 akaiacha. Kilichomweka mjini ni posho ya mzee wake, na mali ya mkewe Emmeline Obermeyer, aliyemwoa mwaka 1893. Nasema hivi si kumtoa makosa. Nasema ili asiwepo atakayedhani kwamba ridhaa haina gharama. Ina gharama kubwa, na mara nyingi mlipaji ni mwingine.

Tarehe 22 Februari 1893 dhoruba ya theluji iliipiga New York. Stieglitz alisimama katika barabara ya Fifth Avenue muda wa saa tatu na kamera ndogo ya mkononi, wakati ambapo mafundi wakubwa waliidharau kamera ya mkononi na kuiona mchezo wa watoto. Alikuwa akingoja. Mwishowe likaja gari la farasi likipasua theluji, mwenye kuliongoza mjeledi hewani, naye akabonyeza. Wenziwe wa chama walipoitazama negativu ile walimshauri aitupe, kwani haikuwa wazi na imejaa takataka za pembeni. Hakuitupa. Aliikuza, akakata huku na huku mpaka yakabaki mambo mawili tu, gari na dhoruba. Picha hiyo, aliyoiita Winter, Fifth Avenue, ndiyo iliyompa jina duniani. Baadaye aliandika kwamba mwenye kamera ya mkononi achague kwanza mahali pake, kisha angoje mpaka kila kitu kikae sawa, na kwamba picha zake nyingi zilikuwa ni sehemu ndogo tu iliyotolewa katika negativu kubwa.

Niliposoma hayo nilikaa kimya. Kumbe yule fundi wangu alikuwa na imamu wake! Tofauti ni kwamba Stieglitz alizikata picha alizozisimamia mwenyewe katika baridi, na alijua ni nani anayemwondoa.

Baada ya hapo akaugeukia usiku. Mwingereza Paul Martin alikuwa amemtangulia kwa kupiga mitaa ya London kwenye mwanga wa taa za gesi, na Stieglitz akataka afanye kama yeye, tena amzidi. Taabu ya usiku yajulikana na kila aliyewahi kuweka kamera juu ya stendi pale Bandari ya Kale. Ukiiacha wazi muda mrefu, kila taa huota ukungu mweupe wa kuizunguka, na watu wapitao huyeyuka wasionekane. Ukiifunga upesi, hupati kitu ila weusi mtupu. Yeye alipenda usiku wa mvua na wa theluji, kwa sababu njia ikilowa huirudisha nuru ya taa na muda wa kungoja hupungua. Kwa njia hiyo aliushusha muda mpaka kiasi cha dakika moja, akaweza kuwaingiza watu katika picha ya usiku. Ile ya mwaka 1898 iitwayo An Icy Night, yenye njia ya bustani, miti na barafu, kwa masimulizi yake mwenyewe aliipiga akiwa ndiyo kwanza ainuka katika maradhi ya mapafu. Alivaa nguo juu ya nguo, akatoka nyumbani usiku wa manane. Mkewe hakufurahi, na nani angefurahi?

Mwaka 1902 alianzisha kundi lililojitenga na vyama vya zamani, na mwaka 1903 akaanza kutoa jarida la Camera Work. Mwishoni mwa 1905 alifungua vyumba vidogo vya maonyesho katika nyumba nambari 291 ya Fifth Avenue, akisaidiwa na Edward Steichen. Hapa wapenda fremu wana la kujifunza. Zama hizo picha zilirundikwa ukutani kutoka sakafuni mpaka darini, zimesongamana katika fremu za dhahabu zenye nakshi. Stieglitz alifunika kuta kwa nguo ya gunia ya rangi iliyopoa, akazitundika picha kwa safu na nafasi kati yao, fremu nyembamba, basi. Michoro ya Matisse na Picasso ilionyeshwa hapo mapema kabla Wamarekani wengi hawajayasikia majina yao. Mwaka 1914 alitundika pia michongo ya Kiafrika na kuitambua kuwa ni sanaa, lakini tangazo la maonyesho yale liliwaita waliochonga kuwa ni washenzi. Mkono uliojua kuweka nafasi baina ya picha na picha haukujua kuchagua neno.

Mwaka 1907 alisafiri kwenda Ulaya na jamaa zake katika daraja ya kwanza ya meli Kaiser Wilhelm II. Alipochoka na matajiri wenziwe alikwenda mbele ya meli, akatazama chini walikokaa maskini. Akaona daraja jeupe, ngazi, mtu mwenye kofia ya mkeka, kina mama wenye mitandio. Akakimbilia chumbani kuchukua kamera, na kwa maelezo yake ilikuwa imebakia na kioo kimoja tu cha kupigia. Aliporudi, mwenye kofia alikuwa hajasogea. Akapiga mara hiyo moja, akaenda kukisafisha kioo Paris. Safari hii makasi yalikuwa katika jicho.

Nilipokuwa chuoni maalimu wetu hakupenda picha za viumbe, ingawa wako wanazuoni waliosema kwamba picha ya kamera ni kivuli kilichofungwa tu. Sina elimu ya kuamua baina yao. Lakini nikifikiria nyumba ya Stieglitz namkumbuka maalimu. Bintiye Kitty, aliyezaliwa 1898, alikua mbele ya kamera ya baba yake mpaka mama mtu akalalamika. Mwaka 1918 Stieglitz aliihama nyumba kwa ajili ya mchoraji Georgia O'Keeffe, akamwoa mwaka 1924, na kumpiga picha zaidi ya 300, baadhi zisizofaa kuelezwa katika ukurasa huu. Kitty aliugua akili baada ya kujifungua mwaka 1923, akabaki hospitalini mpaka alipofariki mwaka 1971. Sisemi kamera ndiyo iliyomwuguza. Nasema yule aliyejua kungoja gari la farasi saa tatu hakungojeka kwake.

Camera Work ilikufa mwaka 1917, wanunuzi wake wakiwa hawatimii 40. Tangu 1922, huko Lake George, aliinua kamera juu akapiga mawingu, miaka na miaka, vipicha vidogo visivyozidi kiganja. Na katika miaka ya 1930 mwanzoni, mzee wa miaka zaidi ya 65, aliurudia usiku. Safari hii hakutoka tena katika baridi. Alipiga kutoka madirisha ya hoteli ya Shelton, alikokaa ghorofa ya 30, majengo meusi na taa zake. Mwaka 1937 moyo ulimkataza kubeba kamera, akaacha. Alifariki tarehe 13 Julai 1946. O'Keeffe alizichambua picha zake, na mwaka 1949 sehemu kubwa ya zile alizozichagua ikapelekwa Washington, katika jumba la taifa la sanaa, ambako leo mkusanyiko huo una picha 1,642.

Nami negativu yangu ingali ndani ya bahasha. Ndugu yangu ataka baba akatwe peke yake akuzwe, mke wangu asema iachwe nzima na fremu itafutwe pana. Jumamosi, inshallah, nampelekea fundi mwingine, na safari hii nitasimama papo hapo mezani mpaka amalize kukata.