Palwankar Baloo na Kikombe cha Udongo

Katika ukurasa wetu wa watu mashuhuri wa zamani, safari hii tunakwenda Bara Hindi kumtazama mchezaji wa kriketi, Palwankar Baloo. Baadhi yenu mtauliza kriketi inahusu nini madrasa. Someni kwanza.

Baloo alizaliwa mwaka 1876 katika jamii ya Wahindu waliojulikana kwa kazi ya ngozi. Kwa mila za wakati ule watu hao walihesabiwa najisi, hata kuwagusa ilikuwa mwiko. Baba yake alilitumikia jeshi la Waingereza mjini Poona. Baloo naye alipokuwa kijana aliajiriwa katika klabu ya Wazungu mjini humo, kufagia uwanja, kuushindilia na kufunga nyavu za mazoezi, kwa mshahara wa rupia 4 kwa mwezi. Mara wakagundua kwamba anajua kurusha mpira. Akawa anamrushia ofisa mmoja, Kapteni Greig, kwa saa nyingi ili afanye mazoezi. Alirusha kwa mkono wa kushoto, mpira wa polepole unaopinda baada ya kudunda. Lakini muda wote huo hakuna Mzungu aliyempa gongo naye apige. Kazi yake ilikuwa kurusha tu.

Wahindu wa Poona walipotaka kuwashinda Wazungu hao, walijua dawa yao ni Baloo. Wa tabaka la juu walinung'unika, hatimaye wakakubali. Uwanjani walishika mpira ule ule alioushika yeye. Ulipofika wakati wa chai, wenzake walikunywa ndani kwa vikombe vizuri. Yeye aliletewa yake nje, katika kikombe cha udongo cha kutupwa. Chakula alikula meza ya peke yake. Ninyi mnaochota maji mtungi mmoja hapa madrasani na kupokezana kata moja, hebu lipimeni jambo hilo.

Baadaye alihamia Bombay, ambako mambo yalilegea kidogo, akawa anakula pamoja na wenzake. Mwaka 1906 Wahindu waliwashinda Wazungu kwa mikimbio 109. Mwaka 1911 timu ya kwanza iliyochanganya Wahindu, Waparsi na Waislamu ilikwenda Uingereza chini ya Maharaja wa Patiala. Ilishindwa mechi nyingi, lakini Baloo, akiwa na miaka 35, aliwatoa wapigaji zaidi ya 100. Mwaka uliofuata Waislamu nao wakaingia katika mashindano ya Bombay, yakawa ya timu nne.

Pamoja na yote hayo, unahodha wa timu ya Wahindu hakupewa. Kila mara ulikwenda kwa mtu wa tabaka la juu. Mwaka 1913 nahodha aliyeteuliwa, Pai, mwenyewe alitamka hadharani kuwa cheo kile kilimstahili Baloo; tunamhesabia wema huo. Mwaka 1920 wadogo zake, Shivram na Vithal, walisusa kucheza kwa sababu hiyo hiyo. Ilipofika 1923 Vithal akafanywa nahodha, na Wahindu wakashinda. Baloo alikuwa ameshaacha kucheza.

Aliingia pia katika siasa, na katika uchaguzi wa mwaka 1937 akashindwa na Dkt. Ambedkar, naye mtoto wa jamii zilizohesabiwa najisi. Alifariki Bombay, Julai 1955.