Donald Wills Douglas

Donald Wills Douglas (Brooklyn, New York, 6 Aprili 1892 – Palm Springs, California, 1 Februari 1981) alikuwa mhandisi wa Marekani na mwanzilishi wa kampuni ya ndege ya Douglas. Anakumbukwa hasa kwa ndege ya DC-3, lakini ndege ndogo ya jeti DC-9 ndiyo iliyoamua mwisho wa kampuni yake.

Maisha ya awali

Akiwa kijana alimwona Orville Wright akijaribu ndege huko Fort Myer, Virginia. Mwaka 1909 alijiunga na chuo cha wanamaji cha Annapolis, akaondoka mwaka 1912 ili asome uhandisi katika chuo cha MIT, alikohitimu mwaka 1914. Baadaye alikuwa mhandisi mkuu wa Glenn Martin. Mwaka 1920 alihamia California akiwa na fedha kidogo, akaanza kutengeneza ndege. Ndege zake mbili zilikamilisha safari ya kuizunguka dunia mwaka 1924.

Ndege za abiria

Mwaka 1932 shirika la TWA lilitafuta ndege mpya ya injini tatu. Douglas alitoa ya injini mbili, ingawa TWA ilidai iweze kuruka hata injini moja ikizimika. DC-1 ilifaulu mwaka 1933, ikafuatwa na DC-2 ya abiria 14, kisha DC-3 ya abiria 21, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935. Zaidi ya 10,000 zilitengenezwa, nyingi zikiwa za kijeshi. Katika Afrika ya Mashariki shirika la East African Airways lilizitumia kwa miaka mingi.

DC-9

DC-9 ilikusudiwa kwa safari fupi na viwanja vidogo. Ilikuwa na ngazi yake yenyewe, na injini zake mbili zilikaa nyuma. Wakati huo kanuni za Marekani zilidai mtu wa tatu katika chumba cha rubani kwa ndege yenye uzito wa zaidi ya tani 36 hivi, kwa hiyo DC-9 ya kwanza ilipangwa chini ya kiwango hicho ili iendeshwe na marubani wawili tu. Kwa shirika la ndege, mshahara mmoja pungufu katika kila safari si jambo dogo. Iliruka mara ya kwanza tarehe 25 Februari 1965, na kanuni ilipolegezwa mwaka huohuo zikafuata ndege ndefu na nzito zaidi, bado zenye marubani wawili.

Faida nyingine ilionekana baadaye. Leseni peke yake haimruhusu rubani kuendesha jeti yoyote ya abiria; anahitaji kibali cha aina ile ya ndege, na mafunzo yake ni ghali. Nchini Marekani kibali cha DC-9 kilitosha pia kwa MD-80, MD-90 na hatimaye Boeing 717, kwa kuongeza mafunzo ya tofauti zake tu. Hivyo shirika liliweza kubadilisha ndege bila kuwafundisha marubani wake upya.

Kupoteza kampuni

Maagizo yalikuwa mengi mno. DC-9 za kwanza ziliuzwa kwa bei ya chini, vita vya Vietnam vilichelewesha injini, na mafundi wenye ujuzi walikuwa haba. Kila ndege iliyochelewa iliongeza deni. Mwaka 1966 kampuni, iliyokuwa chini ya mwanawe Donald mdogo tangu 1957, ilipata hasara ya dola milioni 27 hivi ingawa wanunuzi walikuwa wakisubiri. Benki zilikataa kuendelea kukopesha, na mwaka 1967 kampuni iliunganishwa na McDonnell ya St. Louis, ambayo ndiyo iliyoshika uongozi.

Douglas alibaki mwenyekiti wa heshima. East African Airways nayo ilinunua DC-9 miaka ya 1970, kabla ya kuvunjika mwaka 1977. Alipofariki, majivu yake yalitawanywa katika Bahari ya Pasifiki.