Italo Gismondi: Aliyeijenga Roma ya kale kwa jasi

Italo Gismondi alizaliwa Roma mwaka 1887 na kufariki dunia mwaka 1974. Msanifu majengo huyo anakumbukwa zaidi kwa mfano wa mji wa Roma ya kale, uliotengenezwa kwa jasi, ambao una makazi yake katika Makumbusho ya Ustaarabu wa Kirumi.

Ujuzi wake aliupata Ostia, bandari ya kale iliyokuwa kwenye mlango wa mto Tiber. Alifanya kazi huko kwa zaidi ya miaka 40, akipima na kuchora majengo yaliyofukuliwa. Ostia ulikuwa mji wa biashara. Nyuma ya ukumbi wake wa maonyesho upo uwanja wenye vyumba vipatavyo 60 vya mawakala na wenye meli. Sakafuni mna picha za vyombo na majina ya miji walikotoka wenyewe: Carthage, Tunisia ya leo, Sabratha, Libya, Alexandria, Misri, na Narbonne, Ufaransa. Kuna pia maghala ya nafaka na majumba ya ghorofa ya kupangisha.

Miaka ya 1930 Gismondi alianza kuijenga Roma ya karne ya 4, enzi ya mfalme Konstantino, kwa kipimo cha 1 kwa 250. Nyumba ya mita 20 ikawa na kimo cha sentimita 8. Mwongozo wake mkuu ulikuwa ramani ya Rodolfo Lanciani.

Mfano huo ulionyeshwa mwaka 1937, katika maadhimisho ya miaka 2000 tangu kuzaliwa kwa Augusto. Mussolini alitaka fahari ya dola ya kale iupambe utawala wake. Wakati huohuo serikali yake ilikuwa ikibomoa mitaa na kuwahamisha wakazi, ili magofu yaonekane. Utawala huo ulianguka mwaka 1943, lakini Gismondi aliendelea kuupanua na kuusahihisha mfano wake hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Kasoro yake inajulikana. Pale ambapo ushahidi ulikosekana, alijaza nyumba za aina aliyoiona Ostia, na mtazamaji hawezi kutofautisha kilichopimwa na kilichokisiwa. Hata hivyo, makisio hayo yalitoka kwa mtu aliyezijua nyumba za wapangaji na maghala sawasawa na mahekalu. Ndiyo maana Roma yake ni mji wa watu, mji uliolishwa kwa nafaka iliyovushwa baharini kutoka Misri na Afrika Kaskazini.