William Herschel na Barafu ya Mirihi

Katika masomo ya falsafa tunafundishwa kutenganisha kile tunachokiona na kile tunachokihitimisha. Maisha ya William Herschel yanatuonyesha kwa nini jambo hilo ni muhimu.

Alizaliwa Hannover, Ujerumani, mwaka 1738, katika familia ya wanamuziki. Mwaka 1757 alihamia Uingereza, na baadaye akawa mpiga kinanda wa kanisa mjini Bath. Usiku alitazama nyota kwa darubini alizozitengeneza mwenyewe. Alisugua vioo vyake kwa saa nyingi mfululizo, huku dada yake Caroline akimlisha ili asiache kazi. Mwaka 1781 aligundua sayari ya Uranusi, jina lake likavuma.

Kati ya mwaka 1777 na 1783 aliichunguza pia Mirihi, ile sayari nyekundu. Wataalamu waliomtangulia walikwisha kuona madoa meupe kwenye ncha zake. Herschel aliyafuatilia kwa subira, akaona kwamba doa hupungua ncha yake inapoelekea jua, na hukua inapolipa jua kisogo. Mwaka 1784 alieleza kwamba ni barafu na theluji, kama ilivyo kwenye ncha za dunia yetu.

Alikuwa karibu na ukweli. Leo tunajua kwamba kwenye ncha hizo kuna maji yaliyoganda, tabaka juu ya tabaka, unene wa kilomita kama 3. Lakini weupe unaokuja na kuondoka kila mwaka ni hewa ukaa. Wakati wa baridi ncha hukaa gizani miezi mingi, baridi hufika karibu nyuzi 125 chini ya sifuri, na hewa yenyewe huganda na kutanda ardhini. Jua likirudi, barafu hiyo hugeuka hewa moja kwa moja bila kuwa majimaji.

Kwa kuwa Mirihi ina barafu, majira, na siku inayokaribiana na yetu, Herschel aliamini kwamba ina wakazi pia. Hapo alivuka mpaka wa alichokiona. Mfanano ulimsaidia kuuliza vizuri, lakini haukutosha kuthibitisha.

Alifariki mwaka 1822. Sisi tunaojiandaa kusimama mbele ya waamini tuige subira yake ya kutazama, na tuwe na kiasi kila tunapotaka kusema zaidi ya tunachokijua.