Alizunguka Afrika kwa baiskeli akitafuta unga

Kuna ile picha sote tunaipenda mitandaoni: baiskeli, barabara ya vumbi, jua linazama, halafu maneno ya kukuhimiza uache kazi ukaione dunia. Inavutia, sikatai. Lakini leo nina stori ya jamaa aliyefanya safari kama hiyo wakati babu zetu wengi hawajazaliwa, na haikuwa ya kujivinjari. Alikuwa anatafuta unga.

Jina lake ni Kazimierz Nowak. Alizaliwa 1897 katika mji wa Stryj, ambao leo uko Ukraine. Wakati huo Poland, nchi ya watu wake, haikuwepo kwenye ramani. Madola makubwa yalikuwa yameigawana kama keki, na ilipata uhuru tena 1918. Kwa hivyo huyu alizaliwa chini ya utawala wa wengine. Shika hilo, tutalirudia.

Nowak alihamia mji wa Poznań, akawa karani katika kampuni ya bima. Akamuoa Maria, wakajaliwa watoto wawili. Kisha uchumi ukayumba, kazi ikaisha. Hapo msomaji wa mtaani kwetu hahitaji maelezo marefu. Hata mimi niliyeacha chuo karo ikinishinda najua ile asubuhi ya kuamka bila pa kwenda.

Alibaki na vitu vitatu: baiskeli kuukuu, kamera, na kalamu. Alianza kwa kuzunguka Ulaya akiuzia magazeti picha na makala, lakini malipo yalikuwa madogo. Akaamua kwenda mbali, mahali ambapo wasomaji wa kwao hawakupajua.

Novemba 1931 aliaga familia, akapanda treni hadi Italia, kisha meli hadi Tripoli, Libya. Hapo safari ya Afrika ikaanza. Hakukuwa na gari la kumfuata nyuma, wala mdhamini wa kumtumia pesa akikwama. Alibeba vitu vyake mwenyewe. Akipiga picha na kuandika, anatuma kwa posta. Magazeti yakilipa, Maria na watoto wanakula. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yote.

Akapita Misri akifuata mto Nile, akaingia Sudan, Congo ya Wabelgiji, Uganda na Ruanda-Urundi, akazidi kushuka hadi Cape Agulhas, ncha ya kusini kabisa ya bara letu. Huo ulikuwa mwaka wa 1934. Mtu mwingine hapo angetafuta meli arudi nyumbani. Nowak aligeuka akaanza kupanda tena kaskazini, sasa kwa upande wa magharibi.

Katika nchi tunayoiita leo Namibia, baiskeli ilimshinda, akapanda farasi. Angola akaingia mtoni kwa mtumbwi. Kuna sehemu alitembea kwa miguu, na Sahara akaivuka kwa ngamia. Novemba 1936 akafika Algiers. Miaka mitano, takriban kilomita 40,000.

Sasa turudi kwenye lile nililokwambia ushike. Afrika aliyoipita ilikuwa chini ya wakoloni karibu yote. Nowak aliona jinsi Waafrika walivyotumikishwa na kudharauliwa, na aliyaandika mambo hayo kwa uchungu, akiwakosoa Wazungu wenzake. Lakini tusimfanye malaika. Rangi yake ilimfungulia milango. Mwafrika wa 1931 angejaribu kuzunguka Poland kwa baiskeli na kamera, sijui kama angefika mbali. Naona yote mawili ni kweli: alikuwa na jicho la haki, na alipita njia ambayo wengi wetu tungefungiwa.

Na bei? Malaria ilimpiga mara kwa mara, mguu nao ukamsumbua. Aliporudi Poland alianza kutoa mihadhara na kuonyesha picha zake, huku akiota safari ya Asia. Mwili ulikataa. Alifanyiwa upasuaji wa mguu, akashikwa na homa ya mapafu, na Oktoba 1937 akafariki akiwa na umri wa miaka 40. Baada ya miaka mitano ya kuwa mbali, watoto wake walikaa na baba yao chini ya mwaka mmoja.

Alisahaulika kwa miongo. Mwaka wa 2000 makala zake zilikusanywa zikawa kitabu, na 2006 jina lake likawekwa kwenye ukuta wa stesheni ya treni ya Poznań. Kati ya 2009 na 2011 Wapoland walipokezana kwa baiskeli wakifuata njia yake nzima.

Wengi humsifu kwa kilomita. Mimi namfikiria Maria, aliyebaki na watoto wawili akingoja bahasha. Nowak alijituma kuliko watu wengi ninaowajua, na bado kazi yake ilitambulika vilivyo wakati yeye hayupo. Kwa hivyo ukiiona ile picha ya baiskeli na jua linalozama, ipende tu. Lakini ujiulize pia: nyumbani nani anangoja, na anakula nini?